Azabu inahesabiwa: namna Uingereza inapima kosa na hukumu

Maneno haya yalisemwa siku ya posho katika mazungumuzo ya vijana. Tunayaweka hapa juu ya wale wenye hawakuweza kufika.



Mimi nilisoma sheria. Diplome niliipata, kazi bado. Basi wakati niko nao, na niliutumia kusoma namna nchi ingine inahukumu watu wake. Leo nitawaambia juu ya Uingereza. Ninaposema Uingereza, ninamaanisha England na Wales, juu Scotland na Northern Ireland ziko na sheria yao mbalimbali.

Mutaniuliza: juu ya nini Uingereza? Sisi sheria yetu ya makosa tuliipata kwa Wabelgiji. Kitabu chetu cha azabu ni cha tarehe 30 Januari 1940, hata kama kimebadilishwa mara mingi. Ni kweli. Lakini niko na sababu mbili.

Ya kwanza ni ya majirani. Uganda, Kenya na Tanzania, sheria yao ya makosa iko na mizizi ya Kiingereza. Kijana wa kwetu mwenye kuvuka Kasindi kwenda kununua vitu Kampala, siku akipata shida kule, atasimama mbele ya muamuzi mwenye alifundishwa kufikiri kwa ile namna. Ni muzuri ajue.

Ya pili ni ya hapa nyumbani. Katika kartie zetu, mwizi wa telefone akikamatwa, mara mingi kuko njia mbili. Wanamupeleka kwenye kasho, na hakuna mwenye kujua atatoka lini na kwa bei gani. Ao wanamuletea mupira wa gari na esanse. Njia zile mbili zinaonekana kama ni mbalimbali, lakini ziko na ugonjwa mumoja: hakuna hesabu. Hakuna mwenye kuuliza kosa ni gani kwa jina lake, limehakikishwa na nani, na azabu yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Njo kitu chenye ninataka tutoke nacho leo: azabu yenye haihesabiwi mbele ya watu, hiyo si haki, hata kama mutu yule aliiba kweli.

Walianzia wapi

Musifikiri kama Waingereza walizaliwa na mizani mukononi. Mwanzo wa karne ya 19, nchi ile ilikuwa na makosa zaidi ya 200 yenye yangeweza kumupeleka mutu kwenye kamba. Kuiba kwa siri katika duka kitu cha shilingi 5 kulitosha. Mutoto wa miaka kidogo, mama mwenye njaa, wote walikuwa chini ya sheria ile.

Sasa sikieni kitu chenye kilitokea. Wananchi wenye walikuwa wanaitwa kuhukumu, wakiona mushitakiwa ni maskini tu, walikuwa wanasema kitu kile chenye aliiba hakifiki shilingi 5, ni cha shilingi 4 na kidogo. Walijua ni uongo. Walifanya vile ili asinyongwe. Ni kusema, azabu ikipita kipimo, hata watu wa haki wanaanza kusema uongo ili waikimbie. Na mwizi naye anafanya hesabu yake: kama kuiba kitambaa na kuua mwenye duka azabu ni moja, juu ya nini aache shahidi muzima?

Kisha mwaka 1820, kidogo kidogo, bunge liliondoa kamba kwa kosa moja, kisha lingine. Watu wa mwisho kunyongwa walinyongwa tarehe 13 Agosti 1964. Mwaka 1965 bunge liliondoa azabu ya kifo kwa uuaji, kwanza kwa kujaribu miaka 5, na 1969 likahakikisha kwa daima. Kwa hiyo mizani yenye nitawaonyesha haikushuka mbinguni. Watu waliibishania kwa miaka zaidi ya 100.

Kosa liko na vipande

Katika sheria yao, makosa mengi yako na pande mbili: tendo na nia. Mukono ulifanya nini, na moyo ulitaka nini. Mwenye kushitaki anapashwa kuonyesha zote mbili.

Tuchukue wizi. Sheria ya 1968 inasema wizi ni kuchukua kitu cha mutu mwingine, bila unyoofu, na nia ya kumunyanganya kitu kile kwa daima. Hesabuni vipande: kuchukua, kitu, cha mwingine, bila unyoofu, kwa daima. Ni vipande 5. Kimoja kikikosekana, wizi hakuna. Ukitoka kanisani na mwavuli wa mwenzako ukifikiri ni wako, mukono ulichukua, moyo haukuiba. Ukichukua gari ya jirani bila kumuomba, ukatembea nayo, ukairudisha, nia ya kuichukua kwa daima haiko. Juu ya ile, bunge lilipashwa kuandika kosa lingine kwa jina lake, la kuchukua gari bila ruhusa, lenye azabu yake haipite miezi 6. Hawakusema tu "yote ni wizi". Waliandika.

Na kuua pia ni vile. Maiti ni moja, lakini sheria inauliza. Alitaka kumuua, ao alitaka kumuumiza vibaya sana? Hapo ni uuaji wa kusudi, na azabu yake ni moja tu: kifungo cha maisha. Hakutaka vile, lakini alifanya tendo la hatari lenye kuvunja sheria, na mutu akafa? Hapo ni kosa lingine, na muamuzi anaweza kutoa azabu ndogo ao kubwa kufika mpaka maisha, kwa kuangalia namna mambo yalipita.

Kuko makosa madogo yenye hayaulizi nia, kama vile kupitisha mwendo barabarani. Ulikimbiza, ulikimbiza, hakuna kusema sikujua. Lakini kwa sehemu kubwa ya yale makubwa, bila nia hakuna kosa.

Jambo moja litawashangaza: kule mutoto wa miaka 10 anaweza kushitakiwa. Sheria yetu ya 2009 ya kulinda mutoto inasema mwenye hajafika miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa na kosa la azabu. Pale sisi tuko na kipimo chenye huruma kuliko chao. Ninasema hivi ili tusisome ya wengine na kichwa chini.

Nani anapashwa kuhakikisha

Mwaka 1934 kulikuwa kijana mumoja, mufanyakazi wa shamba, jina lake Reginald Woolmington, miaka 21. Bibi yake alimuacha, akarudia kwa mama yake. Kijana akaenda kumuona, bunduki chini ya koti. Bunduki ikalia, bibi akafa. Yeye alisema alitaka kumuogopesha kwamba yeye mwenyewe atajiua, na risasi ikatoka bila kupenda. Mukiwa barzani, mungemuamini? Wengi wangesema hapana.

Katika kesi ya kwanza, juri haikusikilizana. Katika ya pili, muamuzi aliwaambia watu wa juri: imehakikishwa huyu njo aliua, kwa hiyo ni juu yake yeye kuonyesha kama ilikuwa bahati mubaya. Wakamukuta na kosa, akahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1935 kesi ikafika kwenye tribinali ya juu kabisa, na waamuzi wa pale wakasema hapana. Mushitakiwa hana deni la kuhakikisha kama hana kosa. Ni mushitaki njo anapashwa kuhakikisha yote, tendo na nia, mpaka mashaka yenye maana yaishe. Mashaka yakibakia, mutu anaachiliwa. Woolmington akatoka.

Muelewe muzuri: hawakusema ni mutu muzuri. Walisema mulango wa hatia unafungukia upande mumoja tu, na ufunguo iko na ule mwenye kushitaki. Hata leo, waamuzi wa Uingereza, na wa Kampala ao Nairobi, wangali wanataja kesi ile.

Na Katiba yetu, article 17, inasema vile vile: kila mushitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Tena inaongeza kitu chenye tunasahau: kosa ni la mutu mwenyewe, hakuna wa kukamatwa kwa tendo la mwingine. Kwa hiyo wakikosa kijana, wakamuchukua mama yake na kumuweka kasho mpaka mutoto ajilete, wamevunja Katiba.

Vikapu vitatu

Makosa ya Uingereza yamepangwa katika vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni makosa madogo: mwendo barabarani, kumupiga mutu bila kumuumiza sana. Yanahukumiwa katika tribinali ya chini, yenye kuitwa Magistrates' Court. Pale mara mingi utakuta wananchi 2 ao 3, si watu wa sheria, hawalipwe mushahara, wamejitolea na kufundishwa, na wako na mujuzi wa sheria wa kuwaelekeza. Mutajua kama kwa kesi 100 za makosa, zaidi ya 90 zinaanzia na kuishia pale.

Kikapu cha tatu, ninaruka cha pili kwanza, ni makosa makubwa: kuua, kubaka, kunyanganya kwa nguvu. Yanapelekwa Crown Court, mbele ya muamuzi na juri ya wananchi 12. Hawa wanachaguliwa kwa bahati nasibu katika liste ya wapiga kura, kuanzia miaka 18 mpaka 75. Mushona nguo, mwalimu, mwenye hana kazi kama mimi, wote wanaweza kuitwa. Juri inajibu swali moja: iko na kosa, ao hapana? Azabu haiwahusu. Ile ni kazi ya muamuzi.

Kikapu cha pili ni cha katikati, makosa yenye yanaweza kwenda pande zote mbili: wizi, kumuumiza mutu. Kwa desturi, hata kama tribinali ya chini inakubali kuhukumu kesi ile, mushitakiwa anaweza kusema: hapana, ninataka wananchi 12. Tribinali ya chini, tangu Novemba 2024, inaweza kufunga mutu mpaka miezi 12 kwa kosa moja la kikapu hiki. Ikiona linaomba zaidi, inalituma juu.

Na kila kosa liko na mupaka wake wa juu, umeandikwa. Kumupiga mutu bila kumuumiza sana, miezi 6. Kumuumiza, miaka 5. Wizi, miaka 7. Kuingia ndani ya nyumba ya mutu kuiba, miaka 14. Vurugu ya watu 3 ao zaidi yenye kuogopesha, miaka 5. Fujo kubwa ya watu 12 na zaidi, miaka 10. Kunyanganya kwa nguvu, mpaka maisha. Mupaka si hukumu. Mupaka ni ukuta: muamuzi anaweza kubakia mbali nao, lakini hawezi kuuruka.

Muamuzi anahesabu namna gani

Hapa njo kiini. Mutu amekutwa na kosa la wizi. Mupaka ni miaka 7. Kati ya siku zero na miaka 7, muamuzi ataweka kidole wapi? Kwa hasira? Kwa sura ya mutu? Kwa bahasha?

Tangu 2010 kuko baraza lenye kuitwa Sentencing Council. Baraza lile linaandika maelekezo ya kila kosa, na linayaweka kwenye intaneti, bila kulipa. Kila mutu anaweza kuyasoma, mushitakiwa, avoka, mama ya mwenye aliibiwa. Na waamuzi wanapashwa kuyafuata, isipokuwa waonyeshe kama kuyafuata katika kesi ile kutavunja haki.

Hatua ya kwanza ni maswali mawili: huyu alikuwa na lawama kiasi gani, na alileta hasara kiasi gani? Alipanga mbele, ao ilikuwa kishawishi cha dakika moja? Alikuwa kiongozi wa kundi, ao alisukumwa na wakubwa? Aliiba kwa kampuni kubwa, ao aliiba feza za dawa za muzee? Majibu yanamuweka mutu katika kiraka fulani, na kila kiraka kiko na mahali pa kuanzia na nafasi ya kupanda na kushuka.

Hatua ya pili, wanapandisha ao kushusha. Alikwisha kuhukumiwa mbele? Inapanda. Alimuchagua mutu juu ya rangi ao dini yake? Inapanda. Ni mara yake ya kwanza, ni kijana sana, ni mugonjwa, njo mwenye kulisha wadogo? Inashuka.

Hatua ya tatu, kukubali kosa. Akikubali siku ya kwanza kabisa, anapunguziwa sehemu moja ya tatu. Akichelewa, sehemu moja ya nne. Akingoja mpaka siku ya kesi yenyewe, sehemu moja ya kumi. Basi kama hesabu ilifika miezi 18 na alikubali mwanzoni, inakuwa miezi 12. Kila mutu katika chumba kile anaweza kufanya kutoa ile kwa vidole.

Na gereza si jibu la kwanza. Kuko kuachiliwa na masharti. Kuko kazi ya bure kwa faida ya watu wote, kuanzia saa 40 mpaka saa 300. Kuko lamande, na lamande yao inapimwa kwa mufuko wa mutu. Kwa kosa la kiasi cha katikati, wanaanzia kwenye mapato yake ya juma moja. Mwenye kupata pauni 300 kwa juma anaanzia 300. Mwenye kupata 900 anaanzia 900, kama mupaka wa kosa lile unaruhusu. Fikirini kipimo kile katika muji wetu: mwenye taksi moto na mwenye jipu yenye viyoo vyeusi wamefanya kosa moja, na lamande inawauma sawasawa.

Hata kifungo cha maisha kinahesabiwa. Muamuzi anataja miaka yenye mutu anapashwa kukaa ndani mbele ya kuomba kutoka. Kwa mukubwa mwenye aliua, mahali pa kuanzia mara mingi ni miaka 15. Kama alibeba kisu kutoka kwake akaenda nacho mpaka mahali alipoua, 25. Kama alitumia bunduki, 30. Kwa mauaji mabaya kupita yote, hatatoka kamwe.

Kisha yote, muamuzi anapashwa kusema mbele ya watu, kwa maneno ya kawaida, juu ya nini alifika kwenye namba ile. Hiyo ni sheria, si upole wake. Tangu Julai 2022 kamera za televizyo zinaweza kumuchukua akiwa anasoma sababu zake katika Crown Court. Na sisi? Article 21 ya Katiba yetu inasema kila hukumu inaandikwa, inatolewa sababu, na inasomwa mbele ya watu. Iko pale. Ni sisi wenye hatuiombi.

Saa ya polisi

Hesabu haianze tribinali. Inaanza siku ya kukamatwa. Sheria yao ya 1984 inasema polisi wanaweza kumushika mutu bila kumushitaki saa 24. Kwa kosa zito, mukubwa wa polisi anaweza kuongeza mpaka 36. Kupita pale ni muamuzi tu, na kwa yote haipite saa 96, isipokuwa kwa mambo ya ugaidi yenye yako na saa yake. Wakati ule mutu iko na haki ya avoka wa bure palepale kwa polisi. Na akishitakiwa, akafungwa kungojea Crown Court, saa ingine inaanza: siku 182. Mushitaki akitaka kupita pale, anapashwa kumuomba muamuzi na kuonyesha sababu ya kweli.

Sisi article 18 inasema saa 48. Ni mufupi kuliko saa 96 zao! Tofauti haiko kwenye karatasi. Tofauti ni kwamba kule kuko mutu ndani ya kituo mwenye kazi yake ni kuandika saa ya kuingia na kuangalia saa inatembea.

Mizani pia inaweza kupindika

Sasa musitoke hapa mukifikiri kule ni paradiso.

Kuanzia 1999 mpaka 2015, watu zaidi ya 900 wenye kusimamia maduka ya posta walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu, juu mashini ilisema feza zinakosekana. Mashini ile, Horizon ya kampuni Fujitsu, njo ilikuwa na makosa. Watu walifungwa, walipoteza nyumba, wamoja walijiua. Mwaka 2024 bunge lilipashwa kuandika sheria nzima ili kufuta hukumu zile. Hesabu ya azabu ilifanywa vizuri, lakini juu ya ushahidi wa uongo. Mizani haisaidii kama jiwe la kupimia limetobolewa.

Tena, kuanzia 2005 waliweka azabu yenye haina mwisho kwa watu wenye walihesabiwa kuwa wa hatari: unaambiwa miaka 2, lakini hautoki mpaka uhakikishe kama hauko hatari tena. Bunge liliifuta mwaka 2012, lakini si kwa wale wenye walikwisha kuhukumiwa. Miaka zaidi ya 10 kisha pale, watu zaidi ya 2000 walikuwa wangali ndani. Muone: siku hesabu iliondolewa, mateso yaliingia palepale.

Na kuko hii, yenye inatugusa. Mwaka 2022 bunge lao liliandika kosa la kusumbua watu wote, na mupaka wa miaka 10. Novemba ya mwaka ule, vijana na wazee wa kundi Just Stop Oil walipanda kwenye vyuma vya juu ya barabara kubwa M25, yenye kuzunguka London, magari yakasimama, siku 4. Julai 2024, watu 5 walihukumiwa juu ya kupanga tendo lile katika mukutano wa Zoom. Roger Hallam alipewa miaka 5, wengine 4 kila mumoja miaka 4. Hawakumupiga mutu. Machi 2025 tribinali ya juu ilipunguza: Hallam kutoka 5 mpaka 4, na wenzake pia wakashushiwa. Walipunguziwa juu kulikuwa hesabu ya kubishania. Lakini walibakia na kifungo, juu mupaka ulikuwa umekwisha kuandikwa bungeni, wakati watu wengi hawakuwa wanaangalia.

Wekeni pembeni ya ile kesi ya Bristol. Tarehe 7 Juni 2020 watu waliangusha sanamu ya Edward Colston, mufanyabiashara wa watumwa, wakaitupa majini. Wanne walishitakiwa kwa kuharibu mali. Januari 2022 juri ya wananchi 12 iliwakuta hawana kosa. Ni wananchi njo walikuwa wameshika mizani. Na sasa? Kesi zenye kungojea Crown Court zilipita elfu 70 mwisho wa 2024, na Desemba 2025 waziri wa sheria, David Lammy, akatangaza mupango wa kupunguza kesi zenye kupita mbele ya juri. Kule nako vijana wanapashwa kukaa macho.

Tubebe nini nyumbani

Nimemaliza karibu. Siku mutu wa kartie yenu atakamatwa, awe ndugu yenu ao awe mwizi wa telefone yenu, muulize maswali haya, kwa sauti ya chini na kwa heshima. Kosa lake ni gani, na article gani? Amefika saa ngapi, na saa 48 zinaisha lini? Ushahidi ni gani, na nani ameuleta? Azabu ya kosa lile inaanzia wapi na inaishia wapi? Na hukumu ikitoka: sababu zake ziko wapi, kwenye karatasi?

Maswali yale hayahitaji diplome. Na yanafaa kwa pande zote mbili. Yanamulinda mushitakiwa asisahauliwe ndani, na yanamulinda mwenye aliibiwa ili mwizi asitoke kesho asubuhi juu ya feza.

Na wakati mupira na esanse vinakuja, kumbukeni hesabu hii moja. Nchi yenye ilikuwa inanyonga watu kwa shilingi 5 imeandika leo kama wizi haupite miaka 7. Haikufanya vile juu inapenda wezi. Iliona kama azabu yenye haina mupaka haiwamalize wezi, inawaharibu wenye kuhukumu. Kijana mwenye kushika kiberiti leo, kesho njo atakuwa muamuzi, polisi, muzazi. Atakuwa amejifunza kipimo gani?

Posho yenye kuja, kila mutu alete Katiba, hata kwenye telefone. Tutasoma article 17, 18 na 21 kwa sauti, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mpaka kila mumoja aweze kuzisema bila kuangalia.

 Maswali yenu sasa.